Kabla hujanunua ekseli nzito ya kupandikiza

Watu wengi huanza na jina. Wamesikia Dana 60 ikisifiwa, wamesikia 14-bolt haivunjiki (zote ni ekseli za malori ya Marekani), wakaipata moja kwenye lori lililokwisha, wakalipa. Maswali huja ekseli ikiwa tayari imelala kwenye sakafu ya gereji: difu iko upande gani, rimu zipi zitaingia, dragi linki, ile fito ya usukani, itafungwa wapi. Ekseli yenyewe ni sehemu rahisi ya kazi hii. Vinavyomaliza pesa na muda ni vile vinavyoizunguka, yaani gia, loka (kifaa kinachofanya magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja), breki, rimu, propela shafti, mabano ya springi na mfumo mzima wa usukani. Ndiyo maana mimi huanza kuhesabu kutoka pembeni kuja katikati. Ekseli inayofaa ni ile ambayo madai yake yote unayamudu, hata kama kuna nyingine yenye krauni, ile gia kubwa ya ndani ya difu, iliyo kubwa zaidi.

Nazungumzia ekseli nzima, zile ngumu zinazounganisha gurudumu la kulia na la kushoto, kutoka malori ya Marekani ya daraja la robo tatu tani na tani moja. Ndizo zinazopandikizwa zaidi kwenye Jeep, Land Cruiser, Patrol na magari mengine ya kupanda mawe na kupita matope, kwa sababu zilitengenezwa nyingi na vipuri vyake havijakatika.

Tairi na uzito

Shafti ya ekseli huelemewa na uzito uliokaa juu ya gurudumu, kimo cha tairi na mshiko wa ardhi. Chukua gurudumu lililobeba kilo 1,000 gari likiwa kwenye mlima, tairi ya inchi 37, mwamba mkavu unaoshika vizuri. Nusu kipenyo cha tairi hiyo ni karibu mita 0.47, kwa hiyo itahitaji torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya takriban Nm (nyutoni mita) 4,600 kabla ya kuteleza. Weka tairi ya inchi 42 mahali hapohapo na hesabu inapanda hadi Nm 5,200 na kidogo. Gari halijaongezwa hata farasi mmoja, lakini shafti imeongezewa mzigo wa zaidi ya asilimia 13.

Sasa angalia upande wa injini. Injini ya Nm 400, gia ya kwanza yenye uwiano wa 4, transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) ya 2.72 kwenye gia nzito na difu ya 4.88 huzaa zaidi ya Nm 21,000. Hata ukitoa hasara za msuguano, na hata ukigawa mbele na nyuma, hicho ni kiasi ambacho tairi haiwezi kukishika. Maana yake ni kwamba tairi inayoweza kuteleza ndiyo fyuzi yako. Siku gurudumu likibanwa kati ya mawe mawili na dereva akaendelea kukanyaga, fyuzi hiyo haipo tena, na torki yote inatafuta kitu dhaifu kuliko vyote: krosi (kiungo cha msalaba) ya mbele, shafti, au meno ya pinioni, ile gia ndogo inayozungusha krauni. Ukichagua ekseli, chagua kwa ajili ya hali hiyo ya kubanwa.

Kwa gari jepesi lenye tairi za inchi 35, sioni sababu ya kuhamia ekseli ya tani moja. Dana 44 yenye krauni ya inchi 8.5, shafti za kromoli (chuma cha aloi ngumu) na mirija iliyoimarishwa inatosha, na inaacha uwazi zaidi chini. Difu kubwa kwenye tairi ndogo hugeuka jembe. Kuanzia inchi 37 hadi 40 ndipo Dana 60 mbele na 14-bolt au Sterling ya Ford nyuma zinapolipa. Ukivuka 42 na gari ni zito, hata Dana 60 inahitaji shafti za kromoli na krosi bora. Tairi za inchi 44 na kuendelea huwapeleka watu kwenye Rockwell za jeshi.

Kuhusu unene wa shafti, usidanganywe na idadi ya splaini, yaani meno ya mwishoni mwa shafti, peke yake. Uwezo wa shafti kubeba msokoto hupanda kwa kipenyo kikizidishwa mara tatu kwa chenyewe. Shafti ya Dana yenye splaini 30 ina kipenyo cha inchi 1.31, ile ya splaini 35 ina inchi 1.5. Tofauti inaonekana ndogo kwa macho, lakini kwa chuma kilekile ya pili ina nguvu mara moja na nusu ya ile ya kwanza. Halafu 14-bolt ina splaini 30 tu, na bado shafti yake si nyembamba kuliko ile ya Dana yenye 35, kwa kuwa splaini zake zenyewe ni nene. Pima kwa kalipa ya kupimia, usihesabu meno ukaridhika.

Ekseli ya nyuma

Sharti langu la kwanza nyuma ni habu ya kuelea kabisa. Kwenye ekseli ya aina hiyo, habu inakaa juu ya spindo (ncha ya mrija isiyozunguka) kwa beringi mbili na ndiyo inayobeba gari. Shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Shafti ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake. Kwenye ekseli ya nusu kuelea, shafti hiyohiyo inabeba gari, na ikikatika nje ya beringi gurudumu linaondoka nayo. Kuitambua ya kuelea kabisa ni rahisi: habu inachomoza katikati ya rimu na mwishoni kuna duara la bolti zinazoshika kichwa cha shafti.

14-bolt ya General Motors yenye krauni ya inchi 10.5 ndiyo ninayoipendekeza kwanza kwa nyuma. Nguvu yake inatokana na jambo moja ambalo Dana 60 haina: ncha ya pinioni imeshikwa na beringi ya tatu ndani ya difu. Torki inapokuwa kubwa, pinioni hutaka kujisukuma mbali na krauni, meno yanagusana kwenye ncha na kukatika. Beringi hiyo ya tatu inaizuia. Isitoshe, ni rahisi kuipanga. Pinioni inatoka mbele pamoja na kikombe chake, na shimu za kina, vile vibati vyembamba vya kurekebishia, zinakaa kati ya kikombe na difu, kwa hiyo unabadilisha kina bila kung'oa beringi kwa presi. Krauni nayo inasogezwa kulia au kushoto kwa nati kubwa za pembeni.

Ila ina kasoro zake. Tumbo lake linaning'inia chini sana, na wengi hukata sehemu ya chini ya difu na kuchomelea bamba, jambo linalookoa zaidi ya inchi moja. Dramu zake ni nzito ajabu. Na usichanganye na ndugu yake wa inchi 9.5, ambaye naye ana bolti 14 kwenye kifuniko lakini ni nusu kuelea. Ukikuta loka ya kiwandani ya Gov-Lock ndani yake, panga bajeti ya kuitoa. Haipendi tairi kubwa, na ikipasuka vipande hupita kwenye gia.

Sterling ya Ford ni chaguo zuri la pili: inchi 10.25 kwenye malori ya 1985 hadi 1997, kisha inchi 10.5 kwenye Super Duty, malori mazito ya Ford, kuanzia 1999. Zote mbili zina shafti za splaini 35 katika umbo la kuelea kabisa, lakini 10.25 ilitoka pia ikiwa nusu kuelea, kwa hiyo tazama habu. Ukichukua Dana 60 ya mbele kutoka Ford, kuchukua Sterling ya lori hilohilo hukupa mpangilio mmoja wa bolti za rimu na uwiano mmoja wa gia bila kuhangaika. Dana 70 na Dana 80 zina nguvu za kutosha na zaidi, ila ni kubwa na nzito kwa gari dogo. Ningezichukua endapo tu zimekuja pamoja na ya mbele kwa bei moja.

Ekseli ya mbele

Hapa ndipo pa kutuliza akili. Ekseli ya nyuma ukikosea unaweza kurekebisha kwa grainda na mashine ya kuchomelea. Ya mbele ukikosea upande wa difu, umenunua chuma chakavu.

Simama nyuma ya gari, ukitazama linakoelekea, uone tundu la mbele la transfa liko kushoto au kulia. Difu ya mbele lazima iwe upande huohuo. Jeep Wrangler TJ na JK ni kushoto. Land Cruiser 60 na 80 ni kulia. Dana 60 za Ford ni kushoto. Dana 60 za General Motors zilizotoka hadi 1991 ni kulia. Usiseme upande wa dereva au wa abiria, maana gari lenye usukani kulia litakupotosha. Propela shafti haiwezi kuvuka chini ya injini kwenda upande wa pili, na kubadilisha transfa kwa ajili ya ekseli ni mradi mwingine kamili.

Baada ya upande, angalia urefu wa pinioni. Dana 60 za Ford zina pinioni ya juu, yaani inaingia juu ya mstari wa katikati wa krauni. Faida ya kwanza inaonekana: propela shafti inapanda, haigongi mawe, na pembe ya krosi inapungua. Ya pili imejificha ndani. Gia za pinioni ya juu zimekatwa kinyume ili zikikaa mbele ya gari zisukume kwa uso wa meno wenye nguvu. Dana 60 ya pinioni ya chini ya General Motors, ikikaa mbele, husukuma kwa upande wa meno uliokusudiwa kupunguza mwendo, na upande huo ni dhaifu. Bado inatosha kwa matumizi mengi, lakini ukiwa na nafasi ya kuchagua, ya juu ni bora mbele. Kwa nyuma mambo yanageuka: ekseli ya pinioni ya juu ikifungwa nyuma ndiyo inayofanya kazi kwa uso dhaifu.

Kisha vifundo vya usukani. Ford za 1985 hadi 1991 zina kingpini, yaani pini ambazo kifundo hugeukia, na hizo ndizo zinazotafutwa zaidi. Kofia ya juu ya kingpini inashikwa kwa studi nne. Unaitoa, unaweka mkono wa usukani mahali pake, na tai rodi (fito inayounganisha magurudumu mawili ya mbele) inapanda juu ya springi badala ya kukaa mbele ya mawe. Kingpini zikichoka zinatengenezeka kwa bushi, springi na beringi. Kuanzia 1992 Ford walihamia boljointi. Si mbaya, lakini kupata mkono wa juu kunahitaji kifundo kingine. Shafti ya nje ya kingpini za Ford huja na splaini 30 ilhali ya ndani ina 35. Wengine huibadilisha mara moja kuwa 35. Mimi ningeiacha kama fyuzi kwa tairi za 37, kwa kuwa ni fupi, iko nje, na inabadilishwa bila kufungua difu, halafu ningeibadilisha siku ya kupanda tairi ya 40.

Kasoro kubwa ya kingpini za Ford ni kikalio cha springi cha upande wa kushoto. Kimemiminwa pamoja na difu kuwa chuma kimoja, si cha kuchomelewa, kwa hiyo hakisogei. Chasisi ya Jeep ndogo ni nyembamba kuliko ya lori, na springi zake za vyuma bapa zikikutana na difu hiyo hazina pa kukaa. Ama unahamisha springi nje ya chasisi, ama unahamia suspensheni ya vyuma vya kuunganisha na springi za koili. Jua hilo kabla ya kununua.

Super Duty za 1999 hadi 2004 zina boljointi na habu za pakiti moja, yaani beringi na habu ni kitu kimoja ambacho hakifunguliwi. Zikianza kucheza unabadilisha zima. Kuna za 1999 hadi 2001 zilizokuja na Dana 50, kwa hiyo soma namba iliyo kwenye chuma cha difu badala ya kuamini beji ya mlangoni. Za 2005 na kuendelea zilihamia springi za koili, zina vifundo vikubwa vinavyopinda zaidi na mirija minene. Kwa anayeanza mradi leo, hiyo ya 2005 ndiyo ningeitafuta kwanza: haijazeeka kama zilizotangulia na inakata kona vizuri. Gharama yake ni upana na rimu, kama nitakavyoeleza.

Dodge za 1994 na kuendelea zenye Dana 60 mara nyingi huwa na mfumo wa vakyumu unaotenganisha shafti ya upande mmoja. Mfumo huo unakaa kwenye mrija, ambapo ungetaka kuweka kikalio cha springi, na unavujisha. Unaweza kuuondoa kwa shafti ndefu ya kipande kimoja na bamba la kuziba.

Rockwell ya tani mbili na nusu, kutoka lori la jeshi la M35, ina uwiano wa 6.72 na rimu za bolti sita. Haivunjiki kirahisi, lakini kila ekseli inazidi kilo 250, breki zake ni za lori, na gia za uwiano mwingine ni adimu. Kwa tairi za inchi 46, kilomita 80 kwa saa ni mizunguko kama 2,440 ya injini kwenye gia ya moja kwa moja. Ni ekseli ya gari linalobebwa kwenye trela hadi porini. Ekseli za gia pembeni, kama za Unimog, zinainua mrija juu ya kitovu cha gurudumu na kukupa uwazi bila tairi kubwa mno, ila zinahitaji mpango wake peke yake.

Upana na rimu

Pima kutoka uso wa habu unaogusa rimu upande mmoja hadi uso wa upande wa pili. Kingpini za Ford ni takriban inchi 69, 14-bolt ya gari la tairi moja moja nyuma ni takriban 67.5, na Super Duty ya 2005 ni kama inchi 72. Jeep TJ ni karibu 60.5. Ekseli ya upana kamili kwenye TJ hutoa tairi nje ya mwili kabisa: gari linatulia mteremkoni, lakini halipiti kati ya miti miwili kama zamani. Super Duty inaonekana pana mno kwenye karatasi, ila rimu zake za kiwandani zinaingia ndani sana, hivyo ukizitumia hizo, tairi inarudi. Mbele kuwa pana kuliko nyuma kwa inchi moja au mbili hakuna ubaya. Nyuma kuwa pana kuliko mbele kunafanya tairi ya nyuma ipande jiwe ambalo ya mbele imelikwepa.

Bolti nane zina mipangilio inayofanana kwa macho. Ford hadi 1997 na General Motors za zamani ni inchi 6.5, sawa na milimita 165.1. Super Duty ni milimita 170. Rimu ya moja haikai kwenye nyingine, na kulazimisha kwa kupanua matundu ni kuomba studi zikatike. General Motors kuanzia 2011 walihamia milimita 180. Kipenyo nacho: kalipa za Super Duty za 2005 zinahitaji rimu ya inchi 17 au zaidi. Ekseli za malori yenye tairi pacha nyuma zina habu tofauti. Ziepuke mpaka uwe na rimu mkononi za kujaribia.

Uwiano wa gia

Gawanya tairi mpya kwa ya zamani, zidisha na uwiano wa zamani. Gari lililotembea vizuri kwa tairi za 31 na gia za 4.10, likivaa 37, linataka 4.89, gia iliyopo madukani ni 4.88. Kwa kilomita 100 kwa saa hiyo ni mizunguko kama 2,750 bila ovadraivu, karibu sawa na ilivyokuwa. Ukitaka uwiano mkubwa zaidi ya huo, kumbuka kwamba pinioni ya uwiano mkubwa ina meno machache na mwili mwembamba. Pinioni ya 5.38 ni dhaifu kuliko ya 4.10 katika difu ileile.

Dana 60 na 14-bolt zote zina mpaka wa kikapu cha difu, kile kinachobeba krauni: 4.10 na chini yake zinatumia kikapu kimoja, 4.56 na juu yake kingine. Anayenunua loka kabla ya kuamua uwiano huishia kununua tena, au kutafuta krauni nene. Mbele na nyuma lazima zilingane. 4.10 na 4.11 hazina neno, 4.10 na 4.56 zitapigana hadi transfa ipasuke kwenye ardhi ngumu.

Kibandiko cha uwiano kwenye kifuniko usikiamini. Hesabu meno: 41 kwa 10 ni 4.10, 41 kwa 9 ni 4.56, 39 kwa 8 ni 4.88.

Unapoikagua

Fungua kifuniko. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji. Weka beringi zote kwenye bajeti. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ni kawaida, vipande vyenye kona si kawaida. Pitisha ukucha kwenye meno ya krauni, pande zote mbili. Shika flenji ya pinioni uisukume juu na chini: mchezo wowote wa juu na chini ni beringi iliyokufa.

Kisha toa habu uangalie spindo. Mahali beringi ya ndani inapokaa panatakiwa kuwa laini na rangi moja ya kijivu. Ukiona pete ya buluu, au ukihisi ngazi ndogo unapopitisha kidole, ujue beringi iligoma na kuzunguka juu ya spindo. Beringi mpya haitakaa hapo. Kwenye Dana 60 ya mbele spindo inafunguliwa kwa nati na kubadilishwa. Kwenye 14-bolt imechomelewa kwenye mrija, na hiyo ningeiacha.

Mbele, vuta kifundo juu na chini kwa mtaimbo kusikia kingpini. Toa shafti utazame masikio ya krosi. Tundu la sikio likiwa la mviringo safi, sawa. Likiwa limetanuka kama yai, kikombe cha krosi kitatoka mara ya kwanza utakapokata kona kali ukikanyaga mafuta. Hilo ndilo pigo la kawaida la ekseli ya mbele: pembe kubwa, kikombe kinazunguka, kinasukuma klipu, krosi inafumuka na sikio linakatika. Klipu za duara kamili husaidia, na vizuizi vya kona vilivyowekwa vizuri husaidia zaidi.

Kuifunga

Usichomelee kikalio chochote moja kwa moja. Bandika kwa nukta, shusha gari na uzito wake wote, injini, tangi na winchi, halafu pima. Mbele unatafuta kasta, yaani mlalo wa kifundo kuelekea nyuma, ya digrii 5 hadi 7. Propela yenye krosi mbili upande wa transfa inataka pinioni itazame transfa. Nyuma, ishushe digrii moja au mbili chini ya mstari huo, kwa kuwa itainuka ukikanyaga. Mbele, kasta na pembe ya pinioni zimefungwa pamoja na mara nyingi hazipatani: ukiinua pinioni, kasta inakwisha na gari linatangatanga barabarani. Dawa ni kukata mchomeleo wa mabano ya vifundo mwishoni mwa mrija na kuyazungusha, si kugawana hasara katikati.

Inua ekseli hadi mwisho wa safari yake bila springi. Tazama tai rodi na sampu ya injini, difu na chasisi, shokabzoba na mabano yake. Kisha ishushe hadi mwisho uangalie kama krosi ya propela inabana na kama hosi za breki zinafika.

Difu ya Dana ni chuma cha kumimina, na mirija imesukumwa ndani kisha kubanwa kwa mchomeleo mdogo wa tundu. Kwa tairi kubwa mirija huanza kuzunguka, kwa hiyo ichomelee kuzunguka difu. Pasha difu joto hadi kama digrii 200 za Selsiasi, tumia fito za nikeli, piga mistari mifupi ya sentimita mbili au tatu ukihama upande kwa upande, gonga kila mstari kwa nyundo ndogo, halafu funika kwa blanketi la joto ipoe taratibu. Ukiharakisha utasikia mlio mwembamba, na huo ni ufa. Kagua unyoofu kwa fimbo ya kupangia kabla ya kurudisha gia.

Ukipanga gia, mchezo kati ya krauni na pinioni kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.15 na 0.25, ila karatasi ya mtengenezaji ndiyo inayotawala. Rangi ya alama inatakiwa ikae katikati ya kimo cha jino. Ikikaa juu pinioni iko mbali, ikikaa kwenye mzizi iko karibu mno. Nati za habu: kaza ya ndani hadi takriban Nm 68 huku ukizungusha habu, legeza, kisha kaza kwa mkono mpaka ubaki mchezo mdogo usiozidi milimita 0.25, ndipo ufunge nati ya nje.

Breki husahaulika. Kalipa za lori zina pistoni kubwa, na masta silinda ya gari dogo haisukumi mafuta ya kutosha. Pedali inazama hadi chini ingawa hewa imetolewa yote. Masta ya inchi 1⅛ ni mwanzo mzuri, pamoja na buusta yenye nguvu zaidi. Ukibadilisha dramu za 14-bolt kuwa disku, hendibreki inaondoka. Kalipa za nyuma za Cadillac Eldorado za miaka ya 1970 zina hendibreki ndani yake na huwekwa sana kwa sababu hiyo. Usukani nao: kuanzia tairi za 37 zilizo na loka mbele, ongeza silinda ya haidroliki kwenye tai rodi, la sivyo boksi la usukani litapasuka au kung'oa chasisi.

Pandisha hosi za kupumulia hadi juu ya injini. Difu ya moto ikiingia mtoni hufyonza maji kupitia sili. Jaza oili ya GL-5 (daraja la oili ya gia) inayotajwa na aliyetengeneza gia. Safari ya kwanza iwe ya kilomita 20 kwa mwendo wa upole bila mzigo, kisha iache ipoe kabisa. Baada ya kilomita 100 kaza upya yu-bolti na nati za rimu, na kwenye kilomita 800 mwaga oili ya kwanza, maana ndiyo iliyobeba unga wa meno mapya.